Chumvi ya Njata

Kagio
12 Machi 1984

Dada Warigia,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha ng'ombe wangu Njata, ingawa najua utanuna kwa sababu unaamini moyoni nimeanza na yeye. Mimi ni mzima. Homa imenishika mara moja tu tangu Krismasi.

Nina habari. Nimepata kibanda sokoni, cha mabati, mahali ambapo akina mama wa mboga lazima wapite. Nauza mchele, maharagwe, chumvi na magadi ya ng'ombe. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni nailoni, ile mifuko laini uliyoiona kwa watu wa Nairobi. Nazichukua Thika kwa mafurushi na kuwauzia akina mama, nao wanawatilia wateja nyanya ndani. Mteja anakuja mikono mitupu, anaondoka na mzigo. Nyinyi wa Tetu bado mnabeba viondo mgongoni mpaka kamba inawachora paji la uso. Usikasirike, sijasema ni paji la nani.

Nimempa dereva wa basi la Nyeri nailoni hamsini akuletee. Ni zawadi.

Njata anaendeleaje? Nilibeba magunia ya mpunga miaka mitatu ili nimnunue, na ni wewe uliyekubali kunitunzia nilipokosa pa kumweka. Akizaa mara mbili nafunga kibanda, narudi kwenye shamba la baba, tunafuga pamoja wewe na mimi. Kila gunia nililoweka begani nilikuwa nafikiria hivyo. Kwa hiyo tafadhali usimwache aumwe hata na kupe.

Mdogo wako,
Gicheru


Tetu
2 Aprili 1984

Mwana wa mama,

Nailoni zimefika zote hamsini. Nilizihesabu mbele ya dereva ili ajue niko macho.

Kusema kweli ni vitu vizuri, na mimi sitaki kuona kitu kizuri kikitupwa. Nikishatumia moja naiosha, naianika juu ya ua wa kayaba ulio kando ya zizi ikauke, natumia tena. Jirani yangu Wachuka aliniuliza ni nguo gani hizo zinazong'aa kwenye ua. Nimempa tatu anyamaze. Chache nimetia chumvi na magadi ya Njata nikazitundika zizini, na zikiisha naosha, naanika, natia tena.

Jambo moja tu linanisumbua. Jumapili nilimpelekea Wachuka viazi, nikatumia nailoni badala ya kiondo. Wewe unajua kiondo hakirudi kitupu. Ningempelekea kiondo, angekileta Jumanne na ndizi ndani, tungekunywa chai, angenieleza habari za binti yake, na wiki inayofuata ningekuwa na sababu ya kwenda tena. Nailoni haikurudi. Nani anarudisha nailoni? Siku nane sikumwona Wachuka na hatukuwa tumekosana, ni kwamba tu hakuwa na kitu cha kuleta. Labda ni uzee wangu unaosema hivi.

Mvua haijaanza. Mawingu yanakuja juu ya mlima saa tisa, yanatuangalia, yanaondoka. Njata ana mimba ya miezi mitano na bado ana kiburi chake. Asubuhi akiniona na ndoo ananipa mgongo. Nyasi zinaisha lakini nitamkatia migomba.

Kula vizuri, na funika mwili jioni.

Dada yako,
Warigia


Kagio
20 Mei 1984

Dada,

Hapa pia jua ni kali. Watu wa milimani wanashuka kununua mahindi na wanayabeba kwenye nailoni zangu. Si vizuri kusema hivi wakati wa njaa, lakini kibanda hakijawahi kwenda vizuri namna hii. Nimeongeza rafu na nimepaka mlango rangi ya kijani.

Nimekutumia gunia la pumba za mchele kwa basi la Alhamisi. Hizo ni za Njata, si za kuku wako. Nimeweka pia nailoni ishirini, maana za kwanza lazima zimechakaa kwa kuoshwaoshwa. Hakuna mtu mwingine Kenya hii anayefua nailoni, dada. Nikiwaambia watu hapa wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Kuna mama mmoja muuza sukuma wiki, anaitwa Ngendo, ambaye ana maneno mengi juu ya biashara yangu. Lakini yeye hulalamika hata jua likichomoza, kwa hiyo sitakujazia karatasi na maneno yake.

Hesabu yangu inasema ndama atazaliwa Agosti. Akiwa wa kike naomba umwite jina la mama.

Gicheru


Tetu
18 Juni 1984

Gicheru,

Njata amekufa. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Alikataa kula siku nane, akavimba ubavu wa kushoto, akalala, hakuamka tena. Ndama amekufia tumboni. Moffat, yule daktari wa mifugo, alikuja mara mbili na hakuna alichoweza kufanya.

Ni ukame. Ng'ombe wengi wamekufa mwaka huu.

Usije, hakuna cha kuja kuona. Ngozi nimempa Moffat kwa taabu yake. Na usinitumie nailoni nyingine, nilizo nazo zinatosha.

Pole, mdogo wangu. Naandika nikiwa nimeketi zizini, pale alipokuwa akilala.

Warigia


Kagio
1 Julai 1984

Dada,

Nimesoma barua yako mara tatu. Risiti ya posta ina maneno mengi kuliko hiyo.

Ukame gani huo unaochagua ng'ombe mmoja? Mathenge, mtoto wa Wachuka, alipita hapa akienda Embu. Nilimwuliza. Anasema ng'ombe wao wawili wamekonda lakini wako hai, na mto bado una maji. Akaniambia pia, na nakuandikia vile alivyosema: "Ati Moffat alipasua hiyo ng'ombe yako, halafu dada yako akafukuza watu wote wasione." Kwa nini ufukuze watu? Mtu anaficha nini ndani ya tumbo la ng'ombe?

Mimi nitasema ninavyofikiri. Nafikiri Njata alikufa njaa. Nafikiri Moffat alikuta tumbo tupu na wewe ukaona haya. Kama angekuwa wako ungempandishia maji kutoka mtoni mpaka magoti yakatike, lakini alikuwa wa Gicheru, na Gicheru yuko mbali. Zile pumba sijui zilikwenda wapi. Kuku wako wako hai, nadhani.

Nilijiahidi kurudi nyumbani na ng'ombe yule. Sasa niambie nirudi na nini.

Gicheru


Tetu
29 Julai 1984

Gicheru,

Barua yako nimeisoma. Sitaijibu leo.

Nimempa dereva kiondo changu akuletee. Ndani kuna vifuko mia mbili vya magazeti, nimevitengeneza kwa mikono yangu. Nilifundishwa na Jaya, mke wa Jitu, yule Mhindi mwenye duka pale Nyeri ninaponunua chumvi tangu Uhuru. Yeye hadi leo anafunga sukari na chumvi kwa gazeti. Mume wake anamwambia kila mara alete nailoni kama maduka mengine, naye anakataa, kwa sababu anapenda kusoma kabla ya kukunja. Anajua habari zote za mwaka jana. Niliketi naye siku mbili nyuma ya kaunta, akanionyesha jinsi ya kukunja kona na kupika gundi ya unga wa ngano. Kifuko changu cha kwanza kilimwaga chumvi yote sakafuni. Alicheka, lakini kwa adabu.

Nakuomba jambo moja tu. Chumvi na magadi uuze ndani ya vifuko hivi, si ndani ya nailoni. Usiniulize sababu sasa.

Warigia


Kagio
10 Agosti 1984

Dada,

Niliuliza juu ya ng'ombe, umenijibu na magazeti.

Nimejaribu, usiseme sikujaribu. Mteja wa kwanza aliniuliza kama nimefilisika. Wa pili alifika nusu ya njia, kifuko kikapasuka, akarudi na mume wake. Jirani yangu wa kibanda cha pili alisimama mlangoni akawa anasoma kwa sauti matokeo ya mpira ya mwaka juzi, soko lote likawa linacheka. Mimi nimebeba magunia ya watu miaka mitatu. Sikukodi kibanda ili niwe mchezo.

Wewe unataka tuendelee kuishi kama mama alivyoishi. Sawa, ishi. Vifuko vilivyobaki nimewashia jiko.

Kiondo chako nakirudisha na dereva huyu huyu. Sina cha kuweka ndani.

Gicheru


Tetu
2 Septemba 1984

Gicheru,

Kiondo kimefika kitupu. Nilikigeuza nikakikung'uta, nikidhani umeweka hata punje ya maharagwe ikajificha kwenye kona. Hakuna mtu aliyewahi kunirudishia kiondo hivyo, hata wale tuliogombana nao juu ya mpaka wa shamba. Nimelia sana. Halafu nikaona afadhali unichukie kwa ukweli kuliko kwa uongo wangu mwenyewe.

Njata hakufa njaa, wala hakufa kwa ukame. Aliuawa na nailoni.

Moffat alipompasua alikuta bonge ndani ya tumbo kubwa, limesokotana, ukubwa wa mpira ambao watoto huufunga kwa matambara na kamba. Akaliweka kwenye majani akaanza kulifungua na kisu. Akaniambia, "Mama, hii ndio imemaliza ng'ombe. Imefunga njia. Hata ungempea nyasi ya Nyeri yote, haingepita." Tulitoa nailoni thelathini na moja, kisha nikamwomba aache. Hapo ndipo nilipowafukuza watu.

Zilikuwa zangu. Nilizitambua kwa mafundo, maana nikizianika nazifunga kwenye ua fundo la mbele na la nyuma kama alivyotufundisha mama. Zile za chumvi na magadi nilikuwa naziosha kwa maji kidogo, kwa sababu kupandisha maji kutoka mtoni kulikuwa kazi, kwa hiyo ladha ilibaki. Nyasi zilikuwa zimeisha. Njata alinyoosha shingo akazilamba pale nilipozianika, na akishalamba anavuta, na akishavuta anameza. Niliona zinapungua, Gicheru. Nilidhani ni watoto wa Wachuka wanaziiba. Nilienda mpaka mlangoni kwake nikawatukana watoto wa watu.

Ningezitupa kwenye shimo la choo siku ya kwanza, Njata angekuwa hai. Nilimuua kwa kutunza vitu. Hilo silimalizi kichwani.

Nilikuficha kwa sababu ulikuwa na furaha na kile kibanda. Tangu baba afe hukuwahi kuandika kwa furaha kama ulipoandika juu ya rangi ya mlango. Nilisema nitabeba mimi peke yangu, wewe uuze vitu vyako kwa amani. Lakini nisijifanye mtakatifu, niliona haya pia. Ni rahisi kusema ukame. Ukame hauna mwenyewe.

Basi tangu Juni naokota nailoni. Natembea kutoka zizi hadi mtoni, na kutoka mtoni hadi barabarani, nikiwa na gunia. Watu wameshanipa jina, sitakuandikia. Naokota leo, kesho nakuta nyingine, na baada ya siku ya soko nakuta maradufu. Siku moja nilimwuliza Jaya kama haoni yeye ni mpumbavu kukunja magazeti wakati Nyeri nzima inatembea na nailoni. Alinijibu bila kuacha kukunja: "Mama, mimi nafunga moja moja tu. Sukari ya Nyeri yote siwezi maliza." Nilirudi nyumbani nikaendelea kuokota. Si kwamba neno lake lilimaliza shida yangu, lakini nilikuwa nimechoka kujiona mjinga peke yangu, sasa tulikuwa wawili.

Sikuambii ufunge biashara. Sijui utakula nini ukifunga. Nimekuambia tu kilichomuua ng'ombe wako, na ni nani aliyekianika.

Dada yako, ukitaka bado niwe,
Warigia


Kagio
25 Novemba 1984

Dada Warigia,

Nimekungojesha karibu miezi mitatu. Si kazi iliyonizuia. Nimeianza barua hii mara nne, na kila nikifika hapa naikunja natia mfukoni.

Nilijua.

Mwezi wa nne Ngendo, yule mama wa sukuma wiki, alikuja kibandani na karai. Ndani kulikuwa na nailoni zilizotoka tumboni mwa mbuzi wake. Akaniambia mbele ya watu, "Ona vile umefanyia mbuzi yangu, Gicheru. Ilivimba wiki mzima." Nikamjibu, "Mbuzi hata shati inakula, mama. Sasa tushtaki fundi ya nguo?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ngendo akafunika karai na leso, akaenda.

Barua yako juu ya ua wa kayaba ilikuwa tayari mezani kwangu. Nilijua unaosha, nilijua unaanika, nilijua umetia chumvi ndani. Ningeandika mistari miwili tu: dada, weka nailoni mbali na Njata. Sikuandika. Kuandika kungekuwa kukubali mbele ya macho yangu kwamba Ngendo amesema kweli, na nilikuwa nimetoka kupaka mlango rangi. Badala yake nikakutumia nailoni ishirini zaidi.

Barua yako ya Juni iliposema amevimba ubavu na kukataa kula, nilifahamu kabla sijafika kwenye jina lako. Ile barua yangu ya hasira niliiandika nikijua, dada. Nilikuita mwenye roho mbaya ili mimi nisiitwe. Nilipouliza mtu anaficha nini ndani ya tumbo la ng'ombe, nilikuwa naficha kitu kile kile. Wewe ulikosa kwa kutojua. Mimi nilijua nikanyamaza, halafu nikakurudishia kiondo kitupu juu yake. Nisamehe. Sijui neno kubwa kuliko hilo.

Nilienda kwa Ngendo. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisukumia magazeti anayofungia sukuma wiki akasema, "Umeongea. Sasa kaa hapo ukunje." Nikaketi kwenye debe kando ya sukuma wiki zake, nikakunja vifuko vya gazeti mchana kutwa mbele ya wateja wangu mwenyewe. Vyako nilivichoma, kwa hiyo nilijifunza upya. Siri ya kufanya visipasuke ni kukunja gazeti mara mbili chini, mwambie Jaya.

Sijaacha kuuza nailoni. Nakuambia wazi usije ukasikia kwa Mathenge. Bado ndizo zinazolipia kibanda. Lakini chumvi na magadi haviingii tena ndani yake, na mtu akibisha namweleza habari za Njata mpaka anachukua kifuko. Na kuna jambo jingine nimeanza. Unajua hakuna mteja Kagio anayekubali kuondoka bila nyongeza. Ukimpimia kilo anasimama tu, anakuangalia, mpaka umwongeze kiganja. Basi nimetangaza kwamba anayekuja na kiondo chake anapata nyongeza, na anayetaka nailoni anapimiwa sawasawa. Wiki ya kwanza waliokuja na viondo walikuwa wawili, na mmoja alikuwa Ngendo. Jana walikuwa kumi na mmoja. Wateja wengine wamehamia kwa jirani, na siku nyingine nikiona wanavyopita mlangoni kwangu najiuliza kama nina akili. Halafu anakuja bibi mmoja na kiondo cha zamani, kimeliwa na panya, anakifungua mbele yangu kama mtu anayeonyesha kitambulisho, na ninaongeza viganja viwili.

Sasa ombi. Mzee mmoja wa huku ana mtamba ambaye hajazaa bado, mweupe na mweusi, mtulivu, na tumeelewana. Siwezi kumweka hapa, soko na vichochoro vyake vyote ni nailoni. Nyumba ya pekee ninayoweza kumpeleka ni kwako. Sina uso wa kukuomba, lakini nakuomba. Ukikataa nitakuelewa, nitamwambia mzee auze kwingine, na nitajua kwamba mambo ya kurudi nyumbani yamekwisha.

Mdogo wako,
Gicheru


Tetu
13 Januari 1985

Gicheru,

Sasa nimekungojesha mimi. Ulistahili kungoja.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikasirika mpaka nikaitupa chini ya kitanda. Wiki tatu sikutaka kusikia jina lako. Karibu miezi sita nilijihesabu kuwa mimi ndiye niliyemuua, nikakosa hamu ya chakula, na kumbe ulikuwa na mistari miwili mfukoni ambayo ingemwokoa. Nimekusamehe, lakini usidhani ilikuwa rahisi, na usidhani sitakukumbusha. Nitakukumbusha tukiwa na meno na tukiwa hatuna.

Nimemwomba Wachuka msamaha kwa ajili ya wale watoto. Aliniambia alijua zamani, kwa sababu ng'ombe wangu ndiye aliyekuwa na povu la magadi mdomoni, si watoto wake. Alikuwa ananingoja tu niseme.

Mvua zilizokuja Oktoba zilikuwa nzuri kupita kiasi, kila kitu ni kijani, ungeona ungedhani hatukuwahi kulia. Lakini maji yaliposhuka yaliifumua ardhi, na nailoni nilizodhani nimezimaliza zikatoka chini ya udongo kama zimeoteshwa. Nyingine zilishuka kutoka kwa watu wa juu, wasionijua wala nisiowajua. Niliketi kwenye jiwe la mtoni na gunia langu. Nikasema basi, Warigia, rudi nyumbani ukapike. Nikarudi, nikapika. Siku nne sikuokota kitu. Zilikuwa siku nne mbaya kuliko zile za kuokota, sijui kwa nini.

Siku ya tano nilisimamisha kigingi katikati ya nyasi, kando ya zizi. Nikafunga kamba ya hatua kumi na mbili, nikaivuta ikakaza, nikatembea nayo kuzunguka nikiweka mawe. Nikajiambia sitaokota Tetu. Sitaokota mto. Nitaokota hapa ndani tu, mahali ambapo ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba anaweza kufikisha mdomo. Kila asubuhi kabla ya chai naingia kwenye mawe yangu. Upepo ukileta nailoni naitoa. Nje ya mawe naona zingine zimelala, nazipita, moyo unaniuma, nazipita. Nikimaliza ndani na bado nina nguvu, nasogeza jiwe moja mbele hatua moja. Nimesogeza matatu tangu Krismasi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nina nyasi safi za kumtosha ng'ombe mmoja, na si zaidi. Mlete huyo mtamba. Lakini usimtume na mtu. Mlete wewe mwenyewe, mwache Ngendo aangalie kibanda, na ukae hapa angalau mpaka mvua za Aprili, kwa sababu kuna kazi ambayo siwezi kuifanya peke yangu. Nailoni nyeupe bado naziona vizuri. Zile nyeusi zimefanana na udongo, na macho yangu hayazipati tena. Hizo nimekuachia wewe.

Dada yako,
Warigia